Allidina Visram: Mchuuzi Aliyeachiwa Kumbukumbu ya Shule

Katika mji wetu wa Mombasa yapo majina ambayo hutamkwa kila siku na watu wasiopata kujiuliza mwenyewe alikuwa nani. Jina la Allidina Visram ni mojawapo. Mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi ya shule hulitaja. Utingo wa matatu hulitaja anapowateremsha abiria. Mwanafunzi hulibeba kifuani, katika beji ya sare yake, kwa miaka yote ya masomo yake ya sekondari. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao huyo Allidina alifanya nini hapa duniani hata akastahili shule kuitwa kwa jina lake, utajibiwa kwamba alikuwa tajiri wa Kihindi wa zamani, na mazungumzo yatakomea hapo.

Mimi naona kwamba jibu hilo halitoshi. Matajiri wa zamani walikuwa wengi, na wengi wao wamesahauliwa pamoja na majumba yao. Huyu amekumbukwa kwa zaidi ya miaka 100 tangu kufa kwake, na sababu ya kukumbukwa huko inatuhusu sana sisi tunaoishi katika kisiwa hiki, ambapo vijana wengi hujipatia riziki kwa kuuza bidhaa ndogo ndogo, na ambapo familia nyingi huvunjika mara tu mzee anapofariki na urithi wake kuanza kugawanywa. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie, nisimulie maisha ya mtu huyu kwa ukamilifu unaostahili.

Nitaanza na Makupa, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa kulielewa jambo hili. Makupa ni mlango wa nyuma wa kisiwa cha Mombasa. Mbele ya mji, upande wa bahari kuu, zilikuja jahazi na meli. Nyuma ya mji, upande wa Makupa, ndiko kulikokuwa na kivuko cha kwenda bara. Maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Katika mwaka wa 1589 Wazimba walivukia hapo na kuuangamiza mji. Wareno, walioutawala mji huu baada ya hayo, walijenga ngome ndogo za kukilinda kivuko hicho, kwa maana walijua kwamba mwenye Makupa ndiye mwenye ufunguo wa njia ya bara. Waingereza nao walipoanza kujenga reli ya Uganda mwaka wa 1896, walilazimika kwanza kuyavuka maji ya Makupa. Daraja lao la reli walilipa jina la Salisbury, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati huo. Baadaye maji hayo yakajazwa mawe na udongo ili kupitisha barabara, na katika mwaka wa 2022 likafunguliwa daraja jipya linaloyaruhusu maji ya bahari kupita tena chini yake.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu utajiri wa Allidina Visram ulipita Makupa. Kila robota la merikani na kaniki alilolipeleka Nairobi, Kisumu au Kampala kwa gari la moshi lilivuka maji hayo. Na kila pembe ya ndovu, kila mzigo wa ngozi na kila robota la pamba lililorudi kwake kutoka Uganda lilivuka hapo hapo kuingia kisiwani. Maisha ya mtu huyu yalikuwa maisha ya kuvusha vitu: kutoka baharini kwenda bara, na kutoka bara kuja baharini.

Allidina Visram alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, katika nchi ya Kutch, ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Kachi. Kachi ni nchi kavu, yenye mvua haba, na kwa karne nyingi wenyeji wake walizoea kuitazama bahari kama shamba lao. Jahazi zilitoka huko na upepo wa kaskazi zikaja Unguja, Bagamoyo, Lamu na Mombasa, na zikarudi na upepo wa kusi. Wazazi wake walikuwa Waismailia, watu wa jamii ambayo sisi hapa pwani tumezoea kuiita Makhoja. Mwaka wa 1863, akiwa kijana wa miaka 12, alifika katika pwani hii bila mali yoyote. Katika umri ambao leo mtoto bado hupelekwa shule akiwa ameshikwa mkono, yeye alikuwa ameshaivuka Bahari ya Hindi kwenda kutafuta kazi.

Kazi aliipata Bagamoyo, kwa Sewa Haji Paroo. Yafaa tumkumbuke na huyo pia, maana mwanafunzi hujulikana kwa mwalimu wake. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara mkubwa aliyezitayarishia misafara ya kwenda bara kila ilichohitaji: wapagazi, nguo, shanga, masango ya shaba, bunduki na chakula. Wazungu waliotaka kwenda katika maziwa makuu walipita kwanza dukani kwake. Mali aliyoipata hakuila peke yake. Alitoa majengo ya shule na ya hospitali, na hadi leo hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ina jengo la wagonjwa linaloitwa Sewahaji. Kijana Allidina alikulia katika duka la mtu wa namna hiyo. Alijifunza kupima nguo kwa mkono na kuandika daftari, lakini naamini alijifunza jambo jingine kwa kutazama tu: kwamba mali ya mfanyabiashara ina haki ya watu ndani yake.

Biashara ya misafara haikuwa biashara ya watu wenye haraka. Mwenye mali aliwakabidhi wapagazi mizigo ya ratili 60 au zaidi kila mmoja, wakaondoka pwani, na miezi mingi ikapita kabla hajajua kama mali yake imefika au imepotea. Aliyetaka kufanikiwa katika kazi hiyo alihitaji mambo mawili: subira na watu wa kuaminika. Allidina alikuwa na yote mawili. Taratibu alianza kujifanyia biashara yake mwenyewe, akafungua maduka Dar es Salaam na katika vituo vya njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji, akanunua pembe, nta na mpira wa porini, akauza nguo na chumvi. Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Allidina ndiye aliyeishika nafasi yake katika biashara ya misafara.

Wakati huo mambo yalikuwa yanabadilika. Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa, na mtu yeyote mwenye akili ya biashara aliweza kuona kwamba mzigo unaobebwa na gari la moshi utaushinda mzigo unaobebwa kichwani. Lakini kuona ni jambo moja na kutenda ni jingine. Wafanyabiashara wengi wa misafara waling'ang'ania njia zao za zamani hadi zikafa mikononi mwao. Allidina, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50, aligeuza uso wake kuelekea kaskazini, akaufanya mji wa Mombasa kuwa makao yake makuu, akaanza kuifuata reli.

Namna alivyoifuata ndiyo inayoonyesha ustadi wake. Reli ile ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 ilikuwa na urefu wa maili zaidi ya 580. Karibu 2,500 miongoni mwa vibarua hao walikufa kazini, kwa maradhi, kwa ajali, na wengine kwa simba wa Tsavo. Watu wengi kiasi hicho, wakiwa katikati ya nyika, walihitaji unga, mchele, chumvi, sukari, mafuta ya taa, viberiti na nguo. Reli ilivyosonga mbele, Allidina alifungua duka baada ya duka katika vituo vyake. Duka lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati, na ndani yake kijana mmoja au wawili waliolala nyuma ya magunia. Vibarua walipohama, duka halikuhama. Lilibaki pale, likaanza kuwauzia wenyeji. Hivyo ndivyo vituo vingi vya reli vilivyogeuka kuwa miji.

Kabla reli haijafika Kisumu, Allidina alikuwa ameshafungua duka Kampala. Baadaye alifungua Entebbe, Jinja na sehemu nyingine nyingi za Uganda, hadi kufikia mpaka wa Kongo na kusini mwa Sudan. Maduka yake yalipita 30 na yakazidi kuongezeka. Alikuwa na vyombo vya kupakilia mizigo katika ziwa Viktoria, viwanda vya kuchambulia pamba, vinu vya kukamulia mafuta, karakana za samani na mashamba makubwa. Watu wa zama zile walimpa sifa ya kuwa mfalme wa Uganda asiye na taji. Mimi sipendi sana sifa hiyo, kwa sababu Uganda ilikuwa na wafalme wake wenyewe, lakini inatuonyesha ukubwa wa heshima aliyokuwa nayo mchuuzi huyu.

Siri ya mafanikio yake ilikuwa nini? Nikiyachunguza maisha yake naona mambo matatu.

La kwanza ni kwamba hakudharau kitu kidogo. Wakati ule rupia moja ilikuwa na pesa 64, na wanunuzi wengi wa bara hawakuwa na rupia. Walikuwa na pesa chache, au hawakuwa na fedha kabisa ila kuku, ngozi au kikapu cha ufuta. Makampuni makubwa ya Kizungu hayakujali mnunuzi wa namna hiyo. Allidina alimjali. Duka lake lilimuuzia sindano moja, kibaba kimoja cha chumvi, kipande cha nguo cha kumtosha mtoto. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye alivijaza vibaba hivyo katika nchi nne au tano kwa wakati mmoja.

La pili ni kwamba alinunua kama alivyouza. Mchuuzi wa kawaida hupeleka bidhaa, akapokea fedha, akaondoka. Yeye alijua kwamba mtu asiyeuza hawezi kununua. Katika mkataba wa Buganda wa mwaka wa 1900 kila nyumba ilitozwa kodi ya rupia tatu, na wakulima wengi hawakujua watazipata wapi. Maduka yake yaliyapokea mazao yao: ufuta, njugu, pilipili, ngozi, na baada ya mwaka wa 1903 kilimo cha pamba kilipoanzishwa, pamba pia. Mkulima aliondoka na fedha za kulipa kodi na za kumnunulia mkewe kanga. Hivyo biashara yake ilikuwa na miguu miwili, nayo ilisimama imara.

La tatu, ambalo mimi naliona ndilo kubwa zaidi, ni uaminifu wa mali kauli. Allidina aliwapa watu mali kwa ahadi tu. Kijana aliyefanya kazi katika duka lake kwa miaka michache na kuonekana mwaminifu alipewa bidhaa bila ya kulipa kitu, akaambiwa aende akafungue duka lake mwenyewe katika kijiji fulani, auze, kisha alete fedha. Akifanikiwa, alilipa na kuchukua nyingine. Kwa njia hiyo maduka yasiyokuwa yake kwa jina yalikuwa yake kwa asili. Benki zilikuwa chache mno katika miaka ile, na hata maafisa wa serikali na wamishonari waliokuwa bara walipitisha fedha zao katika ofisi zake. Karatasi yenye jina la Allidina Visram ilipokelewa kama fedha taslimu. Mtu hapati heshima kama hiyo kwa ujanja wa siku moja. Huipata kwa kulipa alichoahidi, mwaka baada ya mwaka.

Sasa nije kwa jambo la nyumba na familia, ambalo mara nyingi huachwa tunaposimulia habari za matajiri. Katika biashara za Wahindi wa zama zile duka na nyumba havikutengana. Vijana walioletwa kutoka Kachi na Kathiawar, wengi wao wakiwa watoto wa ndugu, wa jirani au wa watu wa jamaa moja, walikula katika nyumba ya mwenye duka na kulala chini ya paa lake. Aliwajibika kwa afya yao, tabia yao na ndoa zao. Walipougua, aliuguza, walipokufa, alizika. Allidina alikuwa na mamia ya vijana wa namna hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amefika pwani akiwa mtoto asiye na baba wa karibu wa kumwongoza, na kwa hiyo alikijua kilio cha kijana aliye ugenini. Naona kwamba alipoanza kuwa na uwezo, alikuwa baba wa wengi kwa sababu alikumbuka utoto wake.

Wala ukarimu wake haukuishia kwa watu wa dini yake. Aliisaidia jamii yake ya Kiismailia kwa mali nyingi, lakini alichangia pia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe huko Kampala, ingawa yeye alikuwa Mwislamu. Katika kisiwa chetu hiki, ambapo msikiti, kanisa na hekalu hutazamana katika mtaa mmoja, jambo hilo halipaswi kutushangaza. Lakini siku hizi, ambapo kuna watu wanaotaka kutugawanya kwa sababu ya dini, yafaa likumbushwe.

Ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningesimulia sifa tupu. Biashara ya pembe ambayo Allidina aliianzia ilisimama juu ya mabega ya wapagazi, na wapagazi wengi waliiacha mifupa yao njiani bila ya majina yao kuandikwa popote. Ndovu waliuawa kwa maelfu ili watu wa Ulaya wapate funguo za piano na mipira ya mchezo wa biliadi. Na utaratibu wa kikoloni ambao ndani yake alifanikiwa ulikuwa umewapanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, na Mwafrika chini. Mwafrika aliruhusiwa kulima, kubeba na kununua, lakini mlango wa kumiliki duka kubwa haukufunguliwa kwake. Ile mali kauli niliyoisifu iliwafikia zaidi vijana waliotoka katika jamii zake mwenyewe. Kijana wa Kigiriama au wa Kiganda aliyefagia duka lile kwa miaka kumi hakuwa na tumaini kubwa la kukabidhiwa robota la nguo aende akaanze maisha. Uchungu wa jambo hilo uliendelea kuwako katika nchi zetu kwa miaka mingi, na mwaka wa 1972 Idi Amin aliutumia kama kisingizio cha kuwafukuza Wahindi kutoka Uganda, kitendo cha dhuluma kilichoiumiza nchi nzima.

Hayo yote ni kweli, na mtu mzima anapaswa kuyabeba yote kwa pamoja. Allidina hakuutunga utaratibu wa kikoloni, lakini alifaidika nao. Ndani ya utaratibu huo alifanya mema mengi kuliko wengi waliokuwa na uwezo kama wake. Mizani ya haki ina sahani mbili, na anayepima kwa sahani moja hapimi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1916 nchi zetu zilikuwa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yakipigana na Wajerumani katika mpaka wa Taita na Kilimanjaro, na Mombasa ilijaa askari na wapagazi wa kariakoo. Allidina, akiwa mzee wa miaka 65, bado alikuwa anasafiri kwa ajili ya biashara. Katika safari ya Kongo alipatwa na homa, na tarehe 30 Juni mwaka ule wa 1916 aliaga dunia. Alikuwa ameishi Afrika kwa zaidi ya miaka 50. Aliondoka kama alivyokuja, akiwa njiani.

Mali yote iliangukia mikononi mwa mwanawe, Abdulrasul. Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na mafunzo makubwa zaidi kwetu. Miaka iliyofuata vita ilikuwa miaka mibaya kwa wafanyabiashara. Bei za mazao katika soko la dunia ziliporomoka, na serikali ikaibadilisha fedha ya nchi mara mbili katika muda mfupi, kutoka rupia hadi florini, na kutoka florini hadi shilingi. Zaidi ya hayo, biashara iliyojengwa juu ya uaminifu wa mtu mmoja ina udhaifu wake: mtu huyo anapoondoka, wadeni wa mbali husahau deni haraka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Lakini hata mali yenye daftari huisha, ikiwa daftari lenyewe lilikuwa kichwani na moyoni mwa marehemu.

Katika hali hiyo, wengine wangekusanya walichoweza na kujificha nacho. Abdulrasul alitoa sehemu ya mali ya baba yake akajenga shule mjini Mombasa kwa ajili ya kumkumbuka. Shule hiyo, ambayo huhesabu umri wake tangu mwaka wa 1921, ilijengwa mahali pazuri, si mbali na Makupa, ikitazama maji ya hori la Tudor. Kisha katika mwaka wa 1923 Abdulrasul naye akafariki. Baada ya kifo chake biashara ile kubwa ilisambaratika upesi. Maduka yalifungwa au yakachukuliwa na wengine, viwanda vikauzwa, mashamba yakapata wenyewe wapya. Katika miaka isiyozidi kumi tangu kifo cha mwanzilishi wake, nyumba ya biashara iliyotanda kutoka Bahari ya Hindi hadi misitu ya Kongo ilikuwa imekwisha.

Kilichobaki ni kile tu kilichotolewa. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo. Viwanda vya pamba havipo, vyombo vya ziwani havipo, maduka hayapo. Lakini shule ipo, na sanamu ya mzee huyo iliwekwa katika bustani ya Treasury Square ili mji umtambue. Lau Abdulrasul angeziweka fedha zile katika maduka mengine kumi, maduka hayo yangezama pamoja na yale ya kwanza, na leo hakuna mtoto wa Mombasa ambaye angelijua jina la Allidina.

Nayo shule hiyo imebadilika kwa namna ambayo huenda mwenye jina hakuitazamia. Katika siku za ukoloni elimu iligawanywa kwa rangi kama mambo mengine, na ile ilikuwa shule ya watoto wa Kihindi. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 milango yake ilifunguliwa kwa watoto wa makabila yote. Leo wajukuu wa wapagazi, wa vibarua wa reli, wa mabaharia na wa wakulima huketi katika madarasa yale na kusomea hesabu na sayansi. Ule mlango ambao baba zao waliukuta umefungwa katika duka, watoto wameukuta uko wazi katika shule. Ikiwa Allidina alikuwa na deni kwa watu wa nchi hii, na mimi naamini alikuwa nalo, basi deni hilo linalipwa kidogo kidogo kila mwaka wanafunzi wapya wanapoingia.

Nina mambo mawili ya kuwaambia wasomaji wangu kabla sijaweka kalamu chini.

Jambo la kwanza ni kwa wale wanaodharau kazi ya kuuza. Ukipita Makupa asubuhi utawaona vijana wakibeba mitumba, matunda, betri na vitambaa, wakiwafuata wenye magari. Wengi wetu huwatazama kama kero ya mji, na mara kwa mara askari wa kanzo huwatimua na kuwanyang'anya bidhaa zao. Tunasahau kwamba wengi wao ni baba wa watoto, na kwamba shilingi wanazozipata hapo ndizo karo na unga wa nyumba zao. Mtu ambaye jina lake liko katika mojawapo ya shule zetu kubwa alianza chini kama wao. Wanachokikosa ni kile alichokuwa nacho Allidina na ambacho yeye naye aliwapa wengine: mtu wa kuwaamini na kuwakabidhi mtaji mdogo, na mahali pa kusimama bila ya kufukuzwa. Wafanyabiashara wetu wakubwa wa leo, wa kila kabila, wangefanya jambo la maana kama wangeirudisha desturi ya mali kauli, na safari hii waieneze kwa vijana wote bila ya kuangalia wametoka ukoo gani.

Jambo la pili ni kwa wazazi na watoto. Mahakama zetu, ya kadhi na ya serikali, zimejaa kesi za ndugu wanaogombania nyumba za marehemu baba zao. Wakati mwingine kaburi halijakauka udongo na tayari ndugu hawasemezani. Mzee aliyehangaika maisha yake yote kwa ajili ya familia yake hugeuka kuwa sababu ya familia hiyo kuvunjika. Mfano wa Abdulrasul unatufundisha kwamba mwana anaweza kumheshimu baba yake kwa njia iliyo bora zaidi ya kugawana matofali. Si lazima iwe shule nzima. Kisima, madawati ya darasa moja au karo ya mtoto yatima vinatosha, mradi ndugu wakubaliane na jina la mzee lipate dua ya watu.

Mwisho, ningependekeza kwamba wanafunzi wanaoingia katika shule ile wasimuliwe maisha haya katika wiki yao ya kwanza, pamoja na mazuri na mapungufu yake. Waambiwe kwamba jina walilolivaa kifuani ni la mtoto wa miaka 12 aliyeshuka kutoka jahazini akiwa hana kitu, akauza chumvi na sindano, akaaminiwa, akawaamini wengine, akafa akiwa kazini. Na waambiwe kwamba mali yake yote iliyovuka maji ya Makupa imepotea, isipokuwa ile iliyogeuzwa kuwa madarasa ambamo wao wanaketi.